Dume wa Mtoni, Dume wa Mlimani

Majimoto, Mpimbwe
26 Januari 1976

Shemeji Stanslaus,

Tumsifu Yesu Kristo.

Barua huanza kwa kusema sisi huku ni wazima. Siwezi kuandika uongo kwenye karatasi niliyoomba kwa masista. Kalisti yuko mahabusu Mpanda. Anselmo, mdogo wake, amekatwa mkono wa kulia juu ya kiwiko. Mama mkwe amevunjwa mbavu na nyumba yetu ni majivu. Mimi ndiye mzima, kama uzima ni kuweza kushika kalamu.

Jumatatu ya juma lililopita kijana mchungaji wa Kisukuma aliuawa kwenye majaruba yetu ya mpunga, kando ya mto Kavuu. Alikatwa panga shingoni. Waliomkuta mchana ule walimkuta kifudifudi kwenye maji mekundu, na ng'ombe wanakula mpunga wetu pembeni yake kama vile hakuna kilichotokea. Ng'ombe wawili hawakuonekana, lakini nani angehesabu ng'ombe siku kama hiyo? Watu walikuwa wanamtafuta mtu wa kumpiga. Wakamkumbuka Kalisti, kwa sababu siku chache kabla alisimama gulioni akasema mbele ya watu kwamba ng'ombe wakiingia tena mpungani damu itamwagika. Unamjua mume wangu. Anafoka asubuhi, jioni anamgawia huyohuyo aliyemfokea samaki. Lakini ulimi hauna mfupa, na maneno yale yalishatoka.

Siku ile Kalisti hakuwa shambani. Alipanda mlima Mlele tangu alfajiri kwenda kukukamatia wale nzi wako wanaoning'inia, unaowachunguza huko Arusha. Alikwenda peke yake. Nani ataacha kupalilia aongozane na mtu mzima anayefukuza nzi kwa wavu? Mimi mwenyewe nilimtania akitoka, nikamwambia ana wake wawili, mimi na chupa, na chupa ndiyo anayoibembeleza. Wanamgambo walikutana naye jioni akishuka mlima. Walimpiga kwa vitako vya bunduki mpaka meno ya mbele yakatoka. Chupa haikuvunjika, maana aliikumbatia tumboni akajikunja, wakampiga mgongo. Wadudu ndani ya spiriti walikuwa bado wabichi, wa siku hiyohiyo.

Mkuu wa kituo alipomuuliza hicho ni kitu gani, alijibu kwa mdomo uliojaa damu: "Ni shahidi wangu, afande." Afande alicheka. Ila si mjinga. Aliwagawa wale wadudu kwenye chupa mbili, akazifunga kwa kitambaa na lakiri, moja akabaki nayo, nyingine akanipa. Akasema nilete karatasi ya mtaalamu inayosema wadudu hawa ni wa wapi. Kalisti anasema wewe ulimfundisha kwamba wa mtoni ni aina moja na wa mlimani ni aina nyingine, na kwamba hawachanganyiki. Kutoka mpungani mpaka kule juu ni mwendo wa nusu siku. Wakiwa wa mlimani, Kalisti hakuua.

Kesho yake mchana ndugu za marehemu walikuja na mikuki na moto. Hayo nimekwisha kuyasema pale juu.

Chupa nimempa padre anayesafiri kwa treni. Shemeji, hakuna mtu mwingine Tanzania hii anayejua mikia ya nzi. Kosa la kuua mtu ni kitanzi. Tafadhali itazame upesi.

Ni mimi shemeji yako,
Marsela

*

Arusha
11 Februari 1976

Shemeji Marsela,

Milele amina. Chupa imefika, lakiri haijaguswa.

Umeandika karatasi mbili, mbele na nyuma, na hukutaja jina la marehemu. Nitaliandika mimi. Anaitwa Manyanda. Ni mdogo wangu, tumbo moja, ziwa moja. Mama yetu Minza alipofariki nilimbeba mgongoni nikaenda naye kuchunga, kwa sababu hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumbeba. Mimi ndiye niliyemwambia baba kwamba Mpimbwe kuna majani. Niliyaona nilipokuwa nakaa kwenu nikifukuza nzi, nikaandika nyumbani kwa furaha, wakahama na ng'ombe wote. Nikamwandikia Kalisti: mdogo wangu anakuja, mtazame kama wako. Manyanda amekula kwenu, Marsela. Umempikia ugali kwa mkono huohuo ulioandika "kijana mchungaji wa Kisukuma."

Simu ya maandishi ya baba ilifika kabla ya barua yako. Nilikuwa najua kafa. Nilikuwa sijajua kwamba mtu wa kwanza kuniomba msaada atakuwa mke wa anayeshtakiwa kumuua, na kwamba ataniomba nitumie macho haya haya.

Sawa. Nitatazama. Nitaandika nitakachokiona na si kingine. Wakiwa wa mtoni, nitaomba likizo nije nisimame nje ya gereza siku hiyo, nisikie kamba ikikaza.

Sasa sikiliza habari ya kazi. Kitabuni wote wanaitwa Bittacus, wa mtoni na wa mlimani. Ni ukoo mmoja. Miguu mirefu ya mbu, mabawa manne, hujishika kwenye bua kwa miguu ya mbele, wakaning'inia wakingoja kitu cha kuua. Ukiwatazama kwa macho matupu hawatofautiani. Doa la bawa linadanganya. Majike hayafai kitu kabisa, jike wa mtoni na jike wa mlimani ni sawasawa hata chini ya hadubini. Tofauti ni kwa dume peke yake, kwenye ncha ya mkia, pale anapomshikia jike. Nimekuchorea mikia miwili kwenye karatasi hii ya pili na nimetia sahihi yangu, ili ujue ninachotafuta. Wa mtoni ana koleo fupi na nene kama vidole gumba viwili. Wa mlimani ana koleo refu lenye pengo ndani, kama mkasi uliofunguka.

Chupa yako ina majike mengi na madume machache, tena yamejikunja. Siwezi kutoa neno kwa hayo. Nahitaji madume mengine ya kulinganisha, ya pande zote mbili. Panda Mlele, shuka Kavuu, uwakamate, uniletee.

Pole kwa Anselmo na kwa mama.

Stanslaus

*

Majimoto
28 Februari 1976

Shemeji,

Ndiyo, nilificha jina. Nilijua ni nani. Nilijua kuliko unavyojua wewe, kwa sababu mimi na Verdiana, mke wa Anselmo, ndio tuliomtoa Manyanda majini. Wanaume walikuwa wamesimama tutani wakigombana nani kaua. Shingo yake ilikuwa inaning'inia kwa ngozi. Niliishika kwa mikono miwili ili kichwa kisije kikatoka, tukamlaza kwenye majani, nikamwosha tope kinywani kwa kanga yangu. Alikuwa na vipande vya bua la mpunga kwenye meno. Alipenda kutafuna mpunga mbichi, na mimi nilikuwa nikimkaripia kama ninavyowakaripia watoto wangu. Baadaye baba yako akaja akampakia kwenye mkokoteni bila kutusalimu. Nilificha jina kwa kuogopa kwamba ukilisoma utaitupa chupa. Ungekuwa wewe ni mimi, ungelitaja?

Haya, usinifundishe kulia. Nimelia kwa ajili ya wako na wa kwangu, na nimelia kwa jicho lilelile.

Anselmo kidonda kimeoza. Masista wamekikata tena, juu zaidi. Analala akimtukana mtu ambaye hata uso wake hakuuona, maana walipofika walikuwa wengi na moshi ulikuwa mwingi. Sasa kila upande unalala na silaha. Juzi watoto wa Kipimbwe wamemkata ng'ombe wa watu mishipa ya miguu akiwa hai, wakamwacha njiani akijikokota kwa magoti. Jana mzee mmoja wa huku kwetu amekutwa amepigwa rungu mpaka jicho likamwagika. Hakuna anayeuliza tena nani alianza. Kalisti anasikia yote hayo akiwa mahabusu, na kila nikipeleka chakula anauliza jambo moja tu: "Stanslaus amesemaje?"

Nimepanda Mlele kama ulivyosema. Nilikuwa sijawahi kuwatazama hawa nzi wenu. Nilikuwa nafikiri ni upuuzi wa wanaume wasiopenda jembe. Nilikaa chini ya majani marefu, nikaona dume amening'inia kwa mikono miwili kama mtu aliyefungwa kwenye boriti, akingoja. Kumbikumbi akapita karibu, dume akamdaka kwa mguu wa nyuma, akamchoma kwa lile domo refu, akamnyonya kidogo tu. Kumbe hakumtaka yeye. Alimtaka jike. Jike akaja, akapewa yule maiti ale, na wakati anakula dume akamshika kwa mkia. Mwingine akarukia kumnyang'anya, wakapigana mpaka wote wakaanguka. Nikawafunika kwa wavu, nikawatia spiriti. Mungu anisamehe, nilifurahi walivyorusha miguu.

Nimetuma wa mlimani kwenye chupa yenye uzi mweupe, wa mtoni kwenye chupa yenye uzi mweusi. Nimebakiza wachache kwangu, kama padre akizipoteza. Usikawie. Mkuu wa kituo anasema hana shahidi wala panga lenye damu, anangoja neno lako tu. Likija la heri anamfungulia mlango siku hiyohiyo.

Marsela

*

Arusha
15 Machi 1976

Shemeji Marsela,

Chupa zote mbili nimepokea. Ahsante kwa kupanda mlima.

Bado siwezi kusema. Madume uliyoleta kutoka mlimani ni machanga, mikia yao haijakomaa. Naomba upande tena baada ya mvua kubwa uniletee wengine. Vilevile tafuta kando ya vijito vilivyo kati ya mlima na mto, pengine kuna mahali aina hizi mbili zinakutana. Kazi ya namna hii haina haraka. Mtu akikosea aina moja, kosa linakaa vitabuni miaka mia.

Mwambie Kalisti ale, anywe dawa, asigombane na walinzi. Mahabusu si mahali pabaya kuliko pote. Ana paa na ana mlango unaofungwa.

Usimwambie mtu kwamba unaniandikia.

Stanslaus

*

Majimoto
3 Aprili 1976

Stanslaus,

Leo sikuiti shemeji.

Nilipanda tena. Nilipanda na mvua, nikateleza, nikachubuka goti mpaka mfupa ukaonekana. Nikawaleta nyumbani, yaani kwenye kibanda tulichojengewa na watu wa jumuiya, maana nyumba unajua ilikokwenda. Nikamwagia maji ya mvua kwenye sahani. Nikalaza wa mlimani upande mmoja na wa mtoni upande mwingine, nikaweka mchoro wako katikati. Mkuu wa kituo alikuwa ameshanipa kile kioo cha kukuzia cha Kalisti, alichokuwa amekivaa shingoni siku waliyomkamata. Nikatazama mikia.

Verdiana akatazama. Binti yangu wa darasa la pili akatazama, akasema, "Mama, hawa wana mkasi, hawa hawana." Mtoto wa darasa la pili, Stanslaus! Hakuna uchanga wala ukomavu. Hakuna kijito cha kukutania. Unaiona tofauti mara moja, kama unavyoona mtu mwenye pengo akicheka.

Nikapanda lori la misheni mpaka Mpanda na sahani yangu. Nikamwambia mkuu wa kituo afungue ile chupa aliyobaki nayo, ile yenye lakiri yake mwenyewe. Akaifungua. Wote waliokuwa madume ndani yake wana mkasi. Wote. Akashika kioo, akaweka mchoro wako wenye sahihi yako pembeni, akatazama muda mrefu. Kisha akaniuliza: "Mtaalamu wako alipewa nusu ya wadudu hawahawa tangu lini?" Nikaona haya kukujibia.

Umejua tangu Februari. Siku ulipofungua chupa uliona mkasi, na ukaniandikia madume yamejikunja. Ukanipandisha mlima mara mbili kama punda. Ukamwacha mtu aliyekulisha alale kwenye sementi, akikohoa damu, ukamwandikia kwamba ana paa na mlango. Nilijua una uchungu. Sikujua kwamba unaweza kuutumia taratibu hivyo, barua kwa barua. Wenzako walioleta mikuki afadhali, walifika mchana na tuliwaona.

Bahati nzuri hukuwa na akili ya kutochora. Karatasi yako yenye sahihi ndiyo imekuwa neno la mtaalamu, upende usipende. Mkuu wa kituo amesema anaandika barua kwa wakubwa wake, na Alhamisi kabla ya Jumapili ya Matawi Kalisti anatoka. Nimefua shati lake. Nimeazima jogoo.

Barua hii haingoji jibu.

Marsela, mke wa Kalisti

*

Arusha
5 Aprili 1976

Shemeji yangu Marsela,

Leo naomba usome mpaka mwisho kabla hujanilaani.

Kalisti hakuua. Niliona siku ileile chupa ilipofika. Dume wa kwanza niliyemgeuza alikuwa wa mlimani, na wa pili, na wote. Nilikaa mbele ya hadubini nikalia, kwanza kwa furaha, halafu kwa hofu. Nitakueleza hofu hiyo sasa, kwa sababu leo nimepata dawa yake.

Baada ya simu ya msiba baba alileta barua, ameiandikisha kwa mtu. Amesema ameapa juu ya kaburi la Manyanda, yeye na wachungaji wote wa kaya yake, kwamba serikali ikimnyonga Kalisti ni sawa, na serikali ikimwachia watamwua wenyewe siku atakayokanyaga Majimoto. Wamekwisha kunoa. Nilimjibu nikamweleza habari ya wadudu. Akanijibu kwamba Wapimbwe wamenilisha kitu nilipokaa kwao, ndiyo maana nasema nzi wanamtetea mwuaji wa ndugu yangu. Basi nikaona hivi: nikiandika kwamba ni wa mtoni, Kalisti ananyongwa. Nikiandika kwamba ni wa mlimani, Kalisti anachomwa mkuki. Akibaki ndani bila neno lolote, anaishi. Ndiyo maana nilikuwa naomba madume na madume na madume. Nilikuwa nanunua siku.

Baba hataamini mkia wa mdudu. Baba ataamini sikio la ng'ombe. Ng'ombe wetu wote wana alama, sikio la kushoto limekatwa mara mbili, na hukata yeye mwenyewe kwa kisu chake. Uliandika kwamba siku ile ng'ombe wawili hawakuonekana. Neno hilo halikunitoka. Niliandika kwa mjomba anayekaa Inyonga atazame minadani. Leo amejibu. Wamekamatwa wezi wawili wa ng'ombe waliokuwa wakiuza madume yenye masikio yetu, na mmoja amesema mbele ya polisi kwamba mchungaji aliwafuata mpaka mpungani wakamkata. Umeona? Manyanda alikufa akigombea ng'ombe, si mpunga. Mjomba anawaswaga hao ng'ombe kwa miguu kuja kwa baba. Watafika baada ya Pasaka.

Kwa hiyo nakuomba, nakupigia magoti: usihimize lolote. Mkuu wa kituo asipewe neno. Kalisti asitoke hata wakimfungulia mlango, mpaka baba ashike lile sikio kwa mkono wake. Mimi nimeomba likizo, wamenipa ya Mei.

Utauliza kwa nini sikukuambia tangu mwanzo. Niliogopa ungekwenda polisi na barua ya baba, naye angekamatwa. Nimekwisha kumpoteza mdogo wangu, na sikuwa tayari kumpoteza na baba. Nikafikiri pia kwamba mwanamke mwenye mume mahabusu hawezi kukaa kimya. Nisamehe.

Shemeji yako siku zote,
Stanslaus

*

Majimoto
29 Aprili 1976

Stanslaus,

Barua yako ya tarehe tano ililetwa na padre Jumatatu ya Pasaka. Kalisti tulikuwa tumemzika Jumamosi ya kabla ya Matawi. Yangu ya tarehe tatu nadhani ilipishana nayo mahali fulani Tabora, kwenye treni.

Nitakuandikia yalivyokuwa, kwa kuwa hakuna mwingine atakayekuandikia bila kuongeza chumvi.

Walimtoa Alhamisi asubuhi. Alikuwa amekonda, hana meno, anacheka. Tuliposhuka kwenye lori pale Majimoto watu wetu walitaka kumbeba. Akakataa. Akasema kuna jambo hajalifanya, na haliwezi kungoja hata usiku mmoja. Manyanda alikuwa mgeni wake, amefia shambani mwake, na yeye hajaenda kutoa pole kwa mzazi. Tangu siku ile alikuwa amefungwa. Akasema, "Baba yake Stanslaus ni baba yangu. Ataniona mtu wa namna gani, nikila jogoo kwangu kabla ya kumpa mkono?" Anselmo alimkatalia. Mimi sikumkatalia. Nilimwona ni muungwana, nikajivuna. Nilimpimia mchele kwenye debe kwa mikono yangu mwenyewe, maana msibani mtu haendi mikono mitupu, nikamtwika begani, nikafuata nyuma.

Baba yako alikuwa amekaa nje na wachungaji wake. Kalisti alitua debe, akapiga magoti, akanyoosha mikono miwili. Alisema, "Pole baba, nimechelewa." Hakusema zaidi. Mkuki uliingia chini ya titi la kushoto, ukatokea mgongoni, na aliyeuchoma akaukanyagia ili uzame. Kalisti aliushika kwa mikono miwili kama anayetaka kusaidia kuutoa. Nilipiga kelele. Wengine wakamalizia kwa marungu kichwani mpaka hapakuwa na uso. Mimi walinisukuma nikaangukia mchele, na mchele ulikuwa umeshalowa. Sikuona mkono wa aliyeanza. Nilikuwa namtazama mume wangu.

Usiku ule watu wetu walikwenda wakawachoma ng'ombe zizini. Mchungaji mmoja na mke wake mjamzito wameungua. Sikuwatuma, lakini pia sikuwazuia. Nilisikia ng'ombe wakilia mpaka alfajiri nikalala usingizi mzuri. Sasa wanajeshi wamepiga kambi gulioni.

Jana mjomba wako amefika na wale ng'ombe wawili. Polisi waliwapeleka mbele ya baba yako, pale wanapomshikilia pamoja na wenzake. Nilikuwepo. Aliinama, akashika sikio la kushoto la yule dume mwekundu, akapapasa ile mikato miwili kwa kidole gumba, muda mrefu. Halafu akaliachia, akakaa chini penye mavi. Tangu hapo hasemi neno.

Sasa kuhusu barua yako. Nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyosoma sala. Unasema uliogopa sitakaa kimya. Ulikaa kwangu mwaka mzima, Stanslaus. Ulijifunza kutofautisha nzi kwa ncha ya mkia, na mimi hukunitambua. Ungeniandikia neno moja, kwamba wakimtoa watamwua, ningekwenda kwa mkuu wa kituo nikampigia magoti ampe Kalisti miaka mingine ndani. Ningesema nimemwona mwenyewe akiua. Ningelala mlangoni pa mahabusu nizuie usifunguke. Nilimpigania atoke kwa sababu uliniacha niamini kwamba wewe ndiye adui. Mlango ule niliufungua mimi, kwa sahani na kwa kioo, nikishangilia. Hilo nitalibeba mimi. Lako ulibebe wewe, ni zito vilevile.

Sikuandikii kukulaumu tu. Mkuki wanao kituoni. Mpini umezungushwa waya wa shaba karibu na chuma, na chuma kina alama ya mhunzi. Wachungaji wote saba wameulizwa mmoja mmoja, na wote wanasema hawaujui ni wa nani. Baba yako ndiyo hivyo, hasemi. Mkuu wa kituo ameniuliza kama kuna mtu aliyekulia katika kaya ile, anayejua mikuki yao, mtu wa kuaminika, anayeweza kuutazama akasema ni wa nani na akasimama mbele ya jaji akalirudia neno lake.

Nimemtajia jina lako. Anakuandikia kwa mkubwa wako upewe ruhusa mara moja.

Njoo uutazame. Safari hii usikawie.

Marsela